Tupimeni Tukiwa Wazima

Kwenu waheshimiwa mnaopanga bajeti za afya, mnaoidhinisha malipo ya bima ya matibabu na mnaoongoza hospitali za rufaa,

YAH: VIPIMO VYA DAMU KWA WAGONJWA AMBAO UGONJWA WAO UMETULIA

Salamu kwa heshima.

Nawaandikia kuhusu maneno machache yanayokaa mwishoni mwa karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali: "Arudi akiona dalili." Kwa mtu aliyevunjika mkono hayana ubaya. Kwa sisi ambao kinga ya mwili imegeuka na kuushambulia mwili wenyewe, maneno hayo hutupa ruhusa ya kuchelewa.

Figo ikishambuliwa haiumi. Kreatinini, kipimo ambacho karibu kila hospitali inakitegemea, inaweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo uwe umeshapotea. Damu kidogo kwenye mkojo haionekani kwa macho. Anayengoja miguu ivimbe au akohoe damu ndipo aende kliniki amechelewa, tena amechelewa kwa kufuata maagizo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; fomu zenu zinataka kwanza tulowe.

Mimi nina vaskulitisi ya ANCA, ugonjwa ambao kingamwili (protini za kinga) potofu ziitwazo ANCA huchochea seli nyeupe za damu zikashambulia kuta za mishipa midogo, hasa ya figo, mapafu na pua. Nimetibiwa, ugonjwa umetulia, nafanya kazi zangu. Daktari wangu aliomba damu yangu ipimwe kila baada ya miezi mitatu. Ombi lilirudi na mhuri: halikubaliki, mgonjwa hana dalili. Aliyegonga mhuri simlaumu, kwa kuwa alifuata kanuni aliyopewa. Kanuni ndiyo ninayoilalamikia, na nyinyi ndio wenye kuibadilisha.

Ninachoomba ni hiki. Kwa magonjwa ambayo imethibitika kwamba damu huonyesha mabadiliko kabla ya mwili kuugua, kipimo cha mtu aliyetulia kihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu yake: kilipiwe, kisomwe, na kiwe na hatua inayojulikana tangu mwanzo. Na pale ambapo damu haijathibitika kusema kweli, msikinunue, hata kama muuzaji ana picha nzuri za kuonyesha. Yote mawili nayaomba kwa uzito uleule.

Nianze na ugonjwa usio na ubishi mkubwa, TTP, ambao huziba mishipa midogo ya damu. Ndani ya damu ya kila mtu kuna kimeng'enya kiitwacho ADAMTS13, ambacho kazi yake ni kukatakata protini ndefu inayonasa chembe sahani, zile chembe za damu zinazozuia kuvuja, mahali penye jeraha. Kingamwili potofu zikikizima kimeng'enya hicho, protini hubaki na urefu wake wote, chembe sahani hunasana humo, na mishipa midogo ya ubongo, moyo na figo huanza kuziba. Kabla ya kugunduliwa matibabu ya kubadilisha plazma, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 walikufa. Siku hizi wengi hupona na kurudi nyumbani. Kisha wanaachwa.

Uwezo wa kimeng'enya hiki ukishuka chini ya asilimia 10 mtu yumo hatarini. Lakini mara nyingi hauanguki siku moja. Huteremka kwa wiki au miezi huku mwenyewe anakula, anacheka, anakwenda kazini. Kwa hiyo kliniki zinazoujua ugonjwa huu hupima kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila miezi mitatu hadi mwaka utimie, baadaye kila miezi sita hadi kumi na miwili. Uwezo ukiteremka chini ya kikomo kilichowekwa, na wengi hutumia asilimia 20, mgonjwa hupewa rituksimabu, dawa ya dripu inayofuta seli B za kinga, akiwa bado mzima. Mwaka 2018 madaktari wa Ufaransa walichapisha habari za wagonjwa 92 waliopewa dawa hiyo kwa kinga. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 14. Katika kundi la kulinganishia la watu 23 ambao hawakupewa, waliorudiwa walikuwa 17. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kuganda kwa damu, ISTH, kiliunga mkono kinga hiyo katika mwongozo wake, ingawa kwa lugha ya tahadhari.

Nauliza bila kejeli: mgonjwa wa TTP atoe dalili gani ndipo fomu imkubali? Dalili yake ya kwanza inaweza kuwa kiharusi.

(Hapa niingize jambo la maabara linaloonekana dogo. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye kichupa chenye sitrati, chenye kifuniko cha buluu. Ikitiwa kwenye kile cha zambarau chenye EDTA, kemikali hiyo hukizima kimeng'enya chenyewe, na mtu asiye na tatizo lolote anaweza kupewa jibu la kutisha. Mkilipia kipimo bila kumfundisha anayechukua damu, mmelipia hofu.)

Sasa nije kwenye ugonjwa wangu, ambako mambo si mepesi hivyo, na sitaki kuyafanya mepesi ili nipate ninachokitaka. Uhusiano wa kingamwili za ANCA na ugonjwa huu ulitangazwa mwaka 1985. Mwaka 1990 madaktari wa Uholanzi waliwachukua wagonjwa 20 ambao kiwango chao kilikuwa kimepanda, wakawagawa. Waliotibiwa papo hapo hawakurudiwa. Walioachwa, wengi wao walirudiwa. Ilionekana kana kwamba jibu limepatikana. Miaka ikapita, tafiti nyingine zikaja zikikinzana, na zilipochambuliwa kwa pamoja mwaka 2012 ikadhihirika kwamba kupanda kwa ANCA huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi, lakini kwa kiasi tu. Wapo ambao ANCA hupanda na wasiugue. Wapo wanaougua wakati ANCA yao imelala. Mwaka 2015 watafiti wa Maastricht wakafafanua jambo lililokuwa limejificha: inategemea unampima nani. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zilikuwa zimeguswa, kupanda kwa ANCA ni ishara nzito. Kwa ambaye figo hazikuguswa, ishara hiyo ni dhaifu zaidi.

Basi kipimo hiki hakitabiri kama kalenda inavyotabiri tarehe. Kina faida gani? Jaribio la Ufaransa liitwalo MAINRITSAN2, lililochapishwa mwaka 2018, lilijibu sehemu ya swali hilo. Wagonjwa 162 waliokuwa wametulia waligawanywa nusu kwa nusu. Kundi moja lilipewa rituksimabu kwa ratiba isiyobadilika. Kundi la pili lilipimwa damu kila miezi mitatu, na dripu ilitolewa tu pale seli B ziliporejea au ANCA ilipojitokeza upya au kupanda sana. Baada ya miezi 28, kundi la vipimo lilikuwa limetumia dripu 248. Kundi la ratiba, 381. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 14 katika kundi la vipimo na 8 katika kundi la ratiba, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kwamba si bahati nasibu.

Naomba mzitazame tarakimu hizo pande zote. Mhasibu ataona dripu 133 ambazo hazikuhitajika, na rituksimabu si dawa ya bei rahisi popote. Mimi naona pia 14 dhidi ya 8, na kwa kuwa figo zangu zimeshaguswa sitaziruka tarakimu hizo eti kwa sababu mtakwimu amesema hazitoshi. Mwenzangu aliyelazwa kwa nimonia baada ya dozi nyingi ataona kinyume changu, naye ana haki. Uamuzi huo ni wa mgonjwa na daktari wake wakiwa na majibu ya maabara mbele yao. Mahali ambapo kipimo hakilipiwi, hakuna cha kuamua; mgonjwa hupewa dawa kwa kubahatisha au hunyimwa kwa kubahatisha.

Na hiyo nimonia si jambo la pembeni. Rituksimabu hufuta seli B, na humo ndimo zinamotoka seli zinazotengeneza kingamwili njema pia. Dozi zikirudiwarudiwa, kingamwili aina ya IgG zinaweza kushuka na maambukizi yakapata mlango. Wakati wa UVIKO-19 tulijionea: wengi waliochanjwa muda mfupi baada ya dawa hii hawakuweza kutengeneza kingamwili za kutosha. Kwa hiyo sindano ileile ya kutoa damu inayoonyesha kama ugonjwa unakaribia inaweza kuonyesha kama tiba yenyewe imeanza kuumiza. Nikisikia mtu anasema ufuatiliaji wa damu ni kisingizio cha kutoa dawa zaidi, hujiuliza kama amewahi kuisoma ratiba ya mgonjwa aliyepimwa vizuri. Mara nyingi ina dawa pungufu.

Mfano mwingine unatoka Korea Kusini, kwa ugonjwa unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo, uitwao NMO kwa kifupi. Kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004. Shambulio moja linaweza kumwacha mtu kipofu au asiyetembea, na kinachoharibika mara nyingi hakirudi. Ungetegemea kiwango cha kingamwili hiyo ndicho kifuatiliwe, lakini hakiaminiki kama mwonyaji. Madaktari wa huko walihesabu kitu kingine: seli B zenye kumbukumbu, zile zilizokwisha kufundwa kushambulia. Katika miaka miwili ya kwanza walirudia dawa zilipozidi asilimia 0.05 ya seli walizokuwa wakizihesabu. Mashambulio yalipungua sana, na watu wengi walikaa muda mrefu zaidi kati ya dozi na dozi kuliko ratiba ya kawaida ingewaruhusu.

Kwa nini zenye kumbukumbu na si seli B zote? Jibu limepata nguvu kutoka upande ambao haukutarajiwa. Mwaka 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza wagonjwa watano wa lupasi kali (ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo vingi vya mwili) waliotibiwa kwa seli zao wenyewe zilizobadilishwa maabara ili zifute seli B. Baada ya miezi michache seli B zilirudi. Ugonjwa haukurudi nazo katika kipindi walichofuatiliwa. Zilizorudi zilikuwa changa, hazijafundwa lolote. Kwa hiyo hesabu tupu ya seli B inaweza kumtisha mgonjwa ambaye hana sababu ya kutishika, na anayeandika mwongozo wa malipo inampasa kutaja ni seli zipi zihesabiwe, na kwa ugonjwa gani.

Lupasi yenyewe ni shamba lenye mashimo. Wagonjwa wake hupimwa kingamwili dhidi ya DNA, hupimwa pia komplementi C3 na C4, ambazo ni protini za kinga katika damu. Kingamwili zikipanda na komplementi zikishuka, daktari hukaa macho. Mwaka 1995 jaribio la Uholanzi lilionyesha kwamba kuongeza prednisoloni, dawa ya steroidi, mara tu kingamwili zinapopanda hupunguza kurudiwa. Hata hivyo madaktari wengi hawafanyi hivyo, na nadhani wako sahihi. Wapo wagonjwa ambao damu yao inaonekana mbaya mwaka hata mwaka na wao wametulia. Ukimpa kila mmoja wao steroidi kwa sababu ya karatasi, utawaachia mifupa myepesi, kisukari na mtoto wa jicho, kwa ugonjwa ambao huenda usingekuja. Kwa hawa, jibu baya ni sababu ya kuwaita mapema, kuwapima mkojo na kuwachunguza kwa makini. Dawa ingoje uchunguzi.

Lakini kuna kipimo kimoja cha lupasi ninachokitetea kwa moyo wote, nacho hakipimi ugonjwa. Kinapima dawa. Haidroksiklorokwini ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi, na mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba wenye kiwango kidogo cha dawa hiyo katika damu ndio waliokuwa hatarini kurudiwa. Walipojaribu baadaye kupandisha dozi ili kila mtu afikie kiwango fulani, katika jaribio la PLUS lililochapishwa mwaka 2013, kurudiwa hakukupungua. Kwa hiyo msikitumie kufukuzia tarakimu. Kitumike kumtambua mtu ambaye dawa haimfikii kabisa. Kiwango kikiwa chini ya nanogramu 200 kwa mililita, karibu hakika hamezi vidonge vyake, au anameza mara chache mno. Na hapo, waheshimiwa, swali la kwanza lisiwe karipio. Ulizeni kama dawa ilikuwepo dirishani, kama aliweza kuilipia, kama kuna aliyemtisha kwamba dawa itamharibu macho asimweleze kwamba uchunguzi wa macho upo kwa ajili hiyohiyo.

Yapo magonjwa ambayo nayataja kwa haraka kwa sababu hayana ugumu. Kwa ugonjwa wa Graves wa tezi ya thairoidi, kupima kingamwili za TRAb kabla ya kusimamisha vidonge baada ya miezi 12 hadi 18 husaidia kujua nani ana uwezekano mkubwa wa kurudiwa. Kwa aina moja ya ugonjwa wa vichujio vya figo, kingamwili dhidi ya PLA2R, zilizogunduliwa mwaka 2009, huweza kupanda kabla protini haijajaa kwenye mkojo, na huweza kushuka miezi kadhaa kabla ya mkojo kuwa safi. Miongozo ya kimataifa ya figo inazitambua. Hayo yanangoja saini tu.

Sasa neno kuhusu wauzaji. Watakuja kwenu na mashine na programu zinazodai kusoma jeni za damu na kutabiri mkondo wa ugonjwa. Msiwafukuze, ila waulizeni: je, kuna jaribio ambamo wagonjwa waliotibiwa kwa kufuata kipimo hiki walipata nafuu kuliko wasiokifuata? Ugonjwa wa Crohn, ule wa uvimbe wa utumbo, umetupa somo. Kipimo cha damu kilichotokana na kazi nzuri ya kisayansi kilitarajiwa kuwatenganisha watakaougua vikali na watakaougua kwa upole. Jaribio la PROFILE la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2024 likiwa na wagonjwa 386, lilikuta kipimo hakimsaidii daktari kuchagua. Kilichosaidia ni kuanza dawa kali mapema kwa wote: asilimia 79 walikaa wametulia bila upasuaji, dhidi ya asilimia 15 ya waliopandishiwa dawa hatua kwa hatua. Mngekuwa mmeshanunua mashine, fedha ambayo ingenunua dawa ingekuwa imekwenda kwenye utabiri.

Yapo pia yanayotia moyo ambayo bado si ya kununua. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Rockefeller cha New York kilichapisha habari za wagonjwa wanne wa baridi yabisi waliojichoma kidole nyumbani, wakaweka matone kichupani na kuyatuma kwa posta. Mmoja alifanya hivyo kwa miaka minne. Wiki mbili kabla ya maungio kuvimba, seli B zilikuwa zimechangamka. Wiki moja kabla, aina ya seli isiyozoeleka ilijitokeza kwenye damu, kisha ikatoweka uvimbe ulipoanza, labda kwa kuwa imeingia kwenye maungio yenyewe. Watu wanne si ushahidi wa kuandikia sera. Lakini huo mpango wa tone la nyumbani na posta unaweza kuigwa tangu sasa kwa baadhi ya vipimo rahisi, na ungewaokoa watu kusafiri mwendo mrefu na kupoteza siku ya kazi ili watolewe damu kwa dakika mbili.

Nije kwenye utekelezaji, maana hapa ndipo mipango mizuri hufia. Kosa ninaloliogopa kuliko ukosefu wa fedha ni jibu lisilosomwa. Damu inachukuliwa, mashine inafanya kazi yake, jibu linaingia kwenye kompyuta, na mtu wa kwanza kulitazama ni daktari wa zamu usiku mgonjwa analetwa akiwa hoi. Kila kipimo cha ufuatiliaji kiwe na mwenye nacho: muuguzi au daktari ambaye jina lake limeandikwa, mwenye wajibu wa kupiga simu kikomo kikivukwa, na mwenye ruhusa ya kumpangia mgonjwa nafasi ndani ya wiki hiyo bila kuanza rufaa upya. Muuguzi mmoja mwenye orodha na simu anaweza kuokoa figo nyingi kuliko mashine mpya isiyo na mtu nyuma yake.

Maabara iwe ileile. Kingamwili dhidi ya DNA zikipimwa kwa njia moja leo na kwa njia nyingine baada ya miezi mitatu, tofauti ya majibu inaweza kutokana na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, si na mgonjwa. ANCA vivyo hivyo. Mikataba ya ununuzi inayobadilisha vitendanishi kila mwaka kwa kufuata bei ya chini huvunja mfululizo wa majibu ambao ndio thamani yote ya ufuatiliaji. Mkilazimika kubadilisha, maabara ipewe muda wa kupima sampuli zilezile kwa njia zote mbili.

Mkojo usisahauliwe kwa sababu tumezungumzia damu. Kwa lupasi na kwa vaskulitisi, kijiti cha mkojo ni cha bei ndogo sana na mara nyingi huonyesha damu au protini kabla kreatinini haijatikisika. Anayelipia seli B na kukosa vijiti amepanga vibaya.

Na majibu tupewe sisi wenyewe, pamoja na maelezo. Najua hoja ya kwamba tutaingiwa na wasiwasi. Wasiwasi tunao tayari. Mgonjwa aliyeelezwa kwamba kupanda kwa ANCA ni sababu ya kuangaliwa upya na si hukumu hatakesha akilia; atafika kliniki.

Mwisho kuna fomu. Ninawaomba mteue magonjwa machache kwanza: TTP, vaskulitisi ya ANCA iliyogusa figo, NMO, ugonjwa wa PLA2R na lupasi ya figo. Kwa hayo, kisanduku kinachodai dalili kabla ya kuidhinisha kipimo kiondolewe, na mahali pake paandikwe jina la ugonjwa, dawa aliyotumia mgonjwa, kipimo kinachoombwa, na hatua itakayochukuliwa jibu likivuka kikomo. Asiyeweza kujaza hilo la mwisho asilipwe. Nakubaliana nanyi kabisa hapo. Rasimu ya orodha hiyo wanaweza kuiandaa madaktari bingwa, wataalamu wa maabara na sisi wagonjwa kwa pamoja, kabla bajeti ijayo haijafungwa. Tunachokihitaji kutoka kwenu ni kikao kimoja na mtu mwenye mamlaka ya kutia saini, na jibu la maandishi kwa barua hii.

Wenu mtiifu,

Mgonjwa wa vaskulitisi ya ANCA, ugonjwa umetulia